Mto umehama na chumvi imeingia shambani: tuuze au tungoje?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi naishi Kisauni, lakini upande wa mama ni Wapokomo wa Ozi, kule delta ya Tana. Nyanya ana shamba la mpunga lililotulisha utotoni. Siku hizi maji yanayoingia shambani yana chumvi, mpunga unakauka ungali mchanga. Mjomba mmoja asema mto umehama, ni kazi ya Mungu, na ipo siku utarudi. Mwengine asema ni mabwawa ya bara. Wa tatu ataka tuuze. Ningependa kuelewa: delta hufanyikaje, huhamaje, na mkono wa binadamu uko wapi? Na mbona sisi Mombasa tuna mito na hatuna delta?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wajomba zako wawili wa kwanza kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ndiyo sababu jibu langu litakuwa refu. Wa tatu nitamrudia mwishoni.

Anza na jambo unaloweza kulifanya hapo hapo Kisauni. Mvua ikinyesha, chota maji ya tope mtaroni, yale mekundu, uyagawe katika gilasi mbili. Moja itie vijiko viwili vya chumvi ya kupikia, ukoroge, kisha ziache zote mbili mezani zitulie. Mchanga utashuka papo hapo kote kuwili. Lakini ule udongo laini unaoyapa maji rangi, katika gilasi isiyo na chumvi utaelea saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Katika gilasi ya chumvi utashikana vibonge vidogo vidogo na kuzama mapema zaidi. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji ya umeme ya aina moja, kwa hiyo ndani ya maji matamu husukumana. Chumvi huuzima msukumano huo. Chembe zikigusana zinagandana, zikishakuwa nzito zinakwenda chini.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda mto unapokutana na bahari, ukiongeza la pili, nalo ni mwendo. Mto hubeba kwa sababu una kasi. Ukifika baharini mteremko umekwisha, maji yanatanuka, kasi inapungua, na mzigo unaanza kuanguka: mchanga mzito kwanza, mchanga mwembamba mbele kidogo, tope laini mbali zaidi. Mzigo huo wote ndio tunaouita mashapo. Mchanga ulioanguka hujenga fungu katikati ya mlango wa mto. Fungu likikua, maji hayapandi tena juu yake, hulizunguka kulia na kushoto, na mto mmoja umekuwa miwili. Kila mkono ukisogea mbele unaanza kujijengea fungu lake. Ipe kazi hiyo miaka elfu kadhaa, na mahali palipokuwa na samaki watu wanalima. Wagiriki wa kale waliiona nchi ya tope ya mto Nile, yenye pembe tatu, wakaiita kwa herufi yao ya delta, na jina likaenea duniani.

Umbo hutegemea nani ana nguvu zaidi, mto au bahari. Kwa Tana, mawimbi ya Ghuba ya Ungwana, hasa wakati wa kusi, pepo za kutoka kusini, huuchukua mchanga uliotemwa na mto na kuusambaza kando ya ufuo, na upepo huurundika ukawa ile safu ya machuguu ya mchanga inayotenganisha delta na bahari. Nyuma ya machuguu ndiko kwenye mabwawa ya asili, mikoko na mashamba ya watu wako. Rufiji, kule kwa jirani zetu Tanzania, kupwa na kujaa kuna sauti kubwa zaidi, na delta imejaa mikono mipana na msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki.

Sasa nikueleze jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha swali lako. Ardhi ya delta inazama. Chukua debe, lijaze unga hadi juu, kisha ligongegonge chini: unga utashuka bila kuondolewa hata kijiko kimoja. Tope nalo lina maji na nafasi ndani yake, na uzito wa tope jipya juu yake hulikandamiza mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo delta iliyo hai hula tope jipya kila msimu ili ibaki pale pale ilipo. Mafuriko yaliyokuwa yakipanda mashambani kwa nyanya yako hayakuleta mbolea tu, yaliinua shamba. Shamba likikosa mafuriko miaka thelathini, limeshuka miaka thelathini, na bahari nayo siku hizi inapanda.

Na kuhama kwa mto? Mto wa delta hujijengea kingo zake wenyewe. Unapofurika, maji hutoka nje ya mkondo, hupunguza kasi mara moja, na mchanga wote huangukia pembeni mwa mto. Kitanda nacho kinapanda. Baada ya muda mto unapita juu kuliko mashamba ya kando yake, kama mtaro uliojengwa juu ya ukuta. Siku moja ukingo unapasuka, maji yanakutana na mteremko mkali kuliko yaliouzoea, na yakishakwenda huko hayarudi. Hakuna delta kubwa ambayo haijafanya hivyo. Mto Huang He wa China, unaobeba tope kupita kiasi, ulipasua kingo zake mwaka 1855, ukaacha kumwaga maji kusini mwa rasi ya Shandong na kwenda kutokea kaskazini yake, mamia ya kilomita mbali. Mississippi kule Marekani umekuwa ukibadili njia kila baada ya miaka elfu moja hivi. Sasa unataka kuingia mto Atchafalaya, ulio njia fupi zaidi ya kufika baharini, na tangu mwaka 1963 Wamarekani wameuzuia kwa milango ya zege inayoruhusu takriban asilimia 30 tu ya maji ipite huko.

Basi mjomba wa kwanza yuko sawa kwamba mito huhama. Ila kuna habari moja ambayo ningependa umweleze kwa upole.

Ozi hapo zamani haukuwa Tana. Ulikuwa mto mfupi, wa kupwa na kujaa, ukitoka upande wa Witu na kuingia baharini Kipini. Tana wenyewe ulikuwa na mlango wake mwingine, kusini-magharibi ya hapo. Hadi leo ukitazama ramani ya ghuba utaona vinywa vinavyoitwa Mto Tana na Mto Kilifi, na mkondo mkuu wa Tana haupiti huko tena. Katika karne ya 19, enzi za masultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa kuunganisha mito miwili ili mitumbwi ipite ndani kwa ndani kuelekea Kau na Kipini. Waliuita Belazoni. Ulikuwa mfereji mwembamba, wa kupitisha chombo na mpunga. Tana uliuona, ukaingia, ukaupanua, na kidogo kidogo ukahamia huko wote na kuacha mlango wake wa kale. Mto mrefu kuliko yote nchini Kenya ulibadilishwa njia na majembe.

Nilipoipata habari hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Fikiria: maji matamu yaliyoupa sifa mpunga wa Ozi, yaliyomlea mama yako, yaliletwa pale na mkono wa watu, katika delta ambayo ilikuwa tayari kuhama. Ndiyo sababu siwezi kukupa mstari ulionyooka kati ya kazi ya Mungu na kazi ya binadamu. Delta hukaa katika hali ya kungoja, na mtu mwenye jembe au mvua ya El Niño ndiyo humaliza kungoja huko. Mafuriko makubwa ya 1961 na ya 1997 kila moja yaliupa mto nafasi ya kujaribu njia mpya. Kama mkondo umefunguka juu ya Ozi na kuchukua sehemu ya maji, mimi siutarajii kurudi kwa hiari. Mto haurudi mahali palipoinuka.

Tuje kwa mjomba wa pili. Kwenye Tana ya juu kuna mabwawa matano ya umeme: Kindaruma lililokamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo kubwa, lilijengwa liweze kushika maji mita za ujazo bilioni 1.56. Kumbuka gilasi. Mto ukiingia bwawani unakutana na maji yaliyotulia, kasi inakufa, tope linaanguka. Delta inajengwa pia, lakini inajengwa ndani ya Masinga, ambako hakuna wa kuilima.

Watu wengi huishia hapo na kusema mabwawa yamezuia tope, basi. Mambo ni mazito zaidi. Maji yanayotoka bwawani ni safi na yana njaa, na mto wenye njaa hula kingo zake na kitanda chake. Tana husafiri mamia ya kilomita kutoka Kiambere hadi Garissa, Hola na Garsen, na njiani hujiokotea mashapo mengine. Ndiyo maana ukiutazama Garsen bado ni wa rangi ya kahawia. Tope halijakatika. Kilichopungua zaidi, kwa maoni yangu, ni mafuriko. Zamani mto ulipanda mara mbili kwa mwaka, katika mvua za masika na tena za vuli, ukatoka nje ya kingo na kulaza tope mashambani. Bwawa kazi yake ni kukata kile kilele: linashika maji ya masika na kuyatoa kidogo kidogo mwaka mzima ili mitambo isisimame. Tope linalopita mtoni bila kupanda ukingo halimfai mkulima kwa lolote. Linakwenda baharini, na shamba linaendelea kushuka.

Misri wameliona hili mapema kuliko sisi. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika 1970, na lile tope la Nile lililokuwa zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka sasa linalala nyuma ya ukuta. Ufuo wa delta yao, hasa mlangoni pale Rosetta, ulianza kuliwa na bahari, wakajenga kuta za mawe kuuzuia. Rufiji nao sasa una bwawa la Julius Nyerere lililoanza kutoa umeme 2024, na hao wakulima wa mpunga wa kule delta ni watu wa kuwafuatilia kwa karibu sana miaka ijayo.

Hebu twende Malindi kidogo, maana mto Sabaki unaugua ugonjwa wa kinyume, na ni jirani wa karibu. Sabaki ni ule ule Athi unaopita karibu na Nairobi na Ukambani, na hadi sasa haujakatwa na bwawa kubwa linalofanya kazi kama Masinga. Tope lote linashuka. Katika matumbawe ya Malindi kuna jabali hai lililokua kwa takriban miaka 300, likiongeza tabaka kila mwaka kama mti unavyoongeza duara. Wanasayansi walitoboa na kupima bariamu iliyomo, madini ambayo udongo wa mtoni huyaleta baharini. Tabaka za kale zilionyesha kiasi kidogo, kwa karne mbili hivi. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 kikapanda, wakati ukoloni ulipobadilisha kilimo na kuwabana watu na mifugo yao katika maeneo madogo huko bara. Wakati wa kaskazi, pepo za kutoka kaskazini, mkondo husukuma tope la Sabaki kuelekea kusini, juu ya matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi. Ufuo wa mji umejaa mchanga hata bahari imesogea mbali. Mito miwili kwenye pwani moja: mmoja unatapika, mwingine umefungwa mdomo. Na bwawa la Thwake linalojengwa juu ya Athi litaugeuza na Sabaki vilevile, jambo ambalo sijasikia likizungumzwa vya kutosha hapa Pwani.

Na Mombasa? Umeuliza swali zuri, na jibu lake liko chini ya daraja la Nyali. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa ya kaskazini mwa dunia, bahari ilikuwa chini kuliko sasa kwa kadiri ya mita 120. Mito Kombeni na Tsalu, na upande wa pili Mwache, Cha Shimba na Pemba, ilikata mabonde marefu ndani ya jiwe la matumbawe ili kuifikia bahari hiyo ya chini. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda na kuyajaza mabonde. Tudor, Kilindini na Port Reitz ni mabonde ya mito yaliyozama, na kisiwa chetu ni jiwe lililobaki katikati. Mito yenyewe ni midogo, mingine hukauka kiangazi, na bado haijaweza kuyajaza mashimo yale makubwa. Kama ingekuwa mikubwa, Kilindini ingekuwa shamba la mpunga na bandari ingejengwa kwingine.

Lakini si kweli kwamba hatuna delta kabisa. Ukipita daraja la Mwache kwenye barabara ya Dongo Kundu maji yakiwa yamepwa, tazama upande wa bara. Zile tambarare za tope na mikoko, zenye vijito vinavyogawanyika kama vidole, ni delta changa kichwani mwa hori. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka milima ya Kwale hata ukaifukia mizizi ya mikoko ya Mwache. Mkoko hupumua kwa mizizi yake iliyo juu ya tope. Ukifukiwa unakosa hewa. Sehemu kubwa ya miti ilikauka imesimama. Tope ndilo chakula cha mikoko, na likija lote kwa mpigo mmoja ndilo lililoiua.

Sasa shamba la nyanya. Wakulima wa Ozi tangu zamani wamelimia bahari. Maji yakijaa baharini, hasa bamvua, yaani yanapojaa kupita kawaida, hayakupanda mtoni moja kwa moja. Yaliusukuma mto nyuma, na maji matamu ya mto ndiyo yaliyoinuka yakaingia mashambani. Bahari ilikuwa pampu, mto ukawa kisima. Ni ustadi mkubwa, na unaishi kwa sharti moja tu: mto uwe na maji ya kutosha kuizuia chumvi. Maji ya bahari ni mazito, hupenya chini chini kama kabari, maji matamu yakielea juu. Mto ukipungua, kwa sababu ya kuhama, kiangazi au bwawa kushika maji, kabari inasonga mbele, na pampu ile ile inaanza kupandisha chumvi. Malalamiko hayo kutoka Ozi na Kilelengwani yamesikika miaka mingi sasa.

Kwa hiyo, kwa mjomba wa tatu: naomba msiuze kabla ya kupima. Shamba lililoingiliwa na chumvi miezi miwili ya kiangazi na shamba lililoshuka hata bamvua inaingia mwaka mzima ni mashamba mawili tofauti, hata kama mpunga umekauka katika yote mawili. Mpunga huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikivuka kipimo cha desisimensi 3 kwa mita, na mche mchanga ndio dhaifu kuliko mpunga uliokomaa. Kipima chumvi kidogo cha mkononi si ghali, watu wa kilimo wanacho. Na kabla ya mtu yeyote pale kijijini kuchimba mfereji wa kuuvuta mto, mkumbusheni Belazoni. Mfereji kwenye delta hautii aliyeuchimba. Ukingo mdogo wa udongo wenye mlango wa kufungwa bamvua ya kiangazi na kufunguliwa mto ukijaa ni salama zaidi. Mikoko iliyo mbele yenu isikatwe hata mmoja, maana ndiyo inayolishika tope kidogo linalobaki.

Kuna na haki ambayo watu wa delta hawaidai ipasavyo. Sheria ya Maji ya Kenya ya 2016 inatambua akiba, yaani kiasi na ubora wa maji vinavyotakiwa kubaki mtoni kwa mahitaji ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe. Delta ya Tana iliwekwa mwaka 2012 kwenye orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, hekta 163,600. Bwawa linaweza kufunguliwa kwa makusudi msimu wa masika, siku chache, litoe furiko la kupanda mashambani. Inawezekana kiufundi, inataka wakulima wa Ozi, wafugaji wa Orma na wavuvi wa Kipini waseme kwa sauti moja kupitia vyama vyao vya watumiaji maji, hasa sasa ambapo bwawa jingine kubwa, High Grand Falls, linapangwa kwenye mto huo huo.

Kazi yako ya mwezi huu ni hii. Mpigie mjomba yule wa kwanza, anayeujua mto. Achote maji kwenye mlango wa shamba mara nne: bamvua na maji mafu (yanapojaa kidogo tu) sasa, kisha bamvua na maji mafu tena mvua zikishakolea. Kila safari chupa mbili, moja ya juu na moja ya chini kabisa, aandike tarehe na saa. Chupa zikifika Mombasa, niletee. Tutazipima pamoja.